Kiti cha Jirani: Mara na Viongozi wa Ngazi ya Chini

Kabla Wajerumani hawajafika, hakukuwa na mtu aliyeitwa mtawala wa Nyegina. Wakwaya walioishi kwenye vilima hivi vya mawe, si mbali na ufuko wa Ziwa Victoria ulipo mji wa Musoma leo, walikuwa na wazee wa ukoo, walikuwa na marika, walikuwa na watu wa mvua walioheshimiwa na kuogopwa. Mtu mmoja wa kuamuru, kukusanya na kuadhibu kwa jina lake hawakuwa naye. Ukiacha Ikizu, ambako kulikuwa na watemi wa mvua, hali ilikuwa hivyo sehemu kubwa ya mkoa wa leo wa Mara. Wazanaki walijigawa katika maeneo madogo madogo, kila moja likijiendeshea mambo yake. Wakurya, kule kaskazini, waliamua mambo mazito kwenye iritongo, mkutano wa hadhara wa wanaume wa ukoo, na nyuma ya mkutano huo kulikuwa na baraza la siri la wazee, inchama.

Tusiupambe utaratibu huo. Wanawake hawakuwa na sauti kwenye iritongo, na kijana ambaye rika lake halijapanda alinyamaza mpaka zamu yake ifike. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja kubwa: aliyeongoza aliishi na anaowaongoza, aliwahitaji ili asikilizwe, na wakimchoka hapakuwa na askari wa kumtetea. Historia ya Mara katika miaka mia moja na zaidi iliyofuata naiona kama historia ya kiti hicho, kiti cha mtu unayemchagua mwenyewe, unayemjua hadi mlangoni kwake, na unayeweza kumwondoa. Kimechukuliwa mara kadhaa. Kimerudishwa pia, ingawa mara nyingi kilirudi kikiwa kimepungua kitu.

Wajerumani walitaka mtu wa kumtumia amri. Pale ambapo hapakuwa na mtemi, walimteua. Kwa Wazanaki wa Butiama aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1915 ni Nyerere Burito, na Waingereza walipoichukua nchi wakamwacha hapo hapo. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alileta sheria ya Mamlaka za Wenyeji, na mpango uliokuwa wa kubahatisha ukawa mfumo rasmi wa nchi nzima: mtemi, baraza lake, mahakama yake, karani wake, hazina yake. Mtemi alikusanya kodi, alitafuta watu wa kazi za barabara, alihukumu kesi za ng'ombe na za mahari. Wengine walikuwa watu wa busara kweli kweli. Lakini mshahara wao ulitoka bomani, na mwenye uwezo wa kuwaondoa alikuwa bwana shauri, ofisa wa kikoloni wa wilaya. Mkulima wa Nyegina au wa Butiama aliyeonewa na mtemi alipaswa kupeleka malalamiko yake kwa mtu yule yule aliyemlinda mtemi.

Nyegina yenyewe ilikuwa imeshajulikana kwa sababu nyingine. Mwaka 1911 Mapadre Weupe walifungua misheni hapo, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa upande huo wa ziwa. Ni katika misheni hiyo, tarehe 23 Desemba 1943, mtoto wa Burito aliyeitwa Kambarage, wakati huo mwanafunzi wa Makerere, alibatizwa na kupewa jina la Julius. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na utemi ulikuwa umekwenda kwa ndugu yake, Edward Wanzagi. Miaka ishirini baadaye kijana huyo aliyebatizwa Nyegina ndiye angekuwa kiongozi wa serikali iliyofuta utemi, wa ndugu yake ukiwemo.

Kabla ya hapo yalitokea mambo upande wa pili wa Jimbo la Ziwa, ambalo Musoma ilikuwa sehemu yake, na yanastahili kusimuliwa polepole kwa sababu hayasimuliwi vya kutosha. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria mpya ya serikali za mitaa. Wazo la Gavana Edward Twining lilikuwa kuunda mabaraza ya wilaya yenye watu wa rangi zote, Waafrika, Wahindi na Wazungu, wakikaa meza moja. Lilionekana la kistaarabu. Lakini katika wilaya kama Geita, Wazungu na Wahindi walikuwa wachache sana, na watu wakauliza swali jepesi: kwa nini wapewe viti katika baraza la wilaya yetu, na nani ametuuliza? TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukuma tangu 1954, kwa hiyo hapakuwa na chama cha kulisemea swali hilo waziwazi. Watu wakalisemea kwa miguu. Katikati ya mwaka 1958 maelfu ya wakulima wa Geita walisafiri hadi Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, wakapiga kambi, wakakataa kuondoka bila majibu. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Baraza lile, hata hivyo, halikusimama tena sawasawa, na serikali ikalazimika kuliacha. Kabla ya mwaka huo kwisha TANU ikaruhusiwa kurudi Usukuma.

Kwa hiyo uhuru wa Tanganyika katika ukanda huu wa ziwa haukuanza na swali la nani awe waziri mkuu. Ulianza na swali la nani akae kwenye baraza la wilaya. Vitabu vya shule vinapenda kutaja safari za Umoja wa Mataifa na mikutano ya Dar es Salaam. Mimi naamini msafara ule wa Geita unastahili ukurasa wake mwenyewe.

Mwaka 1960, katika uchaguzi wa Agosti, TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Chama kilikuwa kimempitisha Mtemi Amri Dodo. Mwanachama mwingine wa TANU, Herman Sarwatt, akaona wananchi wa Mbulu hawakuulizwa, akasimama kama mgombea binafsi, akashinda. Hakuwa mpinzani wa uhuru wala wa TANU. Alichopinga ni kuletewa mtu. Tanzania haikuchukua muda mrefu kuufunga mlango huo. Mfumo wa chama kimoja uliwekwa kisheria mwaka 1965, na hata vyama vingi viliporudi mwaka 1992 sheria ilimtaka kila mgombea awe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hilo Mahakama Kuu, na Jaji Lugakingira akampa ushindi Oktoba 1994. Bunge likabadili Katiba ili kuufuta ushindi huo. Mtikila hakuchoka. Alilifikisha suala lake hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha, nayo mwezi Juni 2013 ikasema Tanzania imekiuka haki za raia wake. Hadi leo, mtu anayetaka kuwa mwenyekiti wa kitongoji huko Nyegina, kiti cha kuwaongoza majirani zake wa kaya chache, lazima kwanza atafute chama cha kumdhamini.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1963 utemi ulifutwa. Sheria ilikuwa fupi, na kwa maeneo mengi ya Mara haikuleta kilio kikubwa, kwa sababu utemi wenyewe haukuwa na mizizi mirefu. Halmashauri za wilaya zilichukua nafasi yake, na kwa miaka michache hiyo madiwani walikuwa na kazi ya kweli: shule za msingi, zahanati, barabara za vijijini, kodi ya halmashauri. Chini yao TANU ilijenga kitu kipya, shina la nyumba kumi, na kiongozi wake akawa ndiye mtu wa karibu kuliko wote. Ukigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, ulikwenda kwake. Ukipata mgeni wa kulala, ulimwarifu yeye. Alichaguliwa na wanachama wa chama, na kwa kuwa chama kilikuwa kimoja, tofauti kati ya kuchaguliwa na wanachama na kuchaguliwa na wananchi ikaanza kufifia mpaka watu wakaacha kuiona.

Hata ndani ya chama kimoja, wapiga kura walitumia nafasi waliyopewa. Mwaka 1965 karibu kila jimbo lilipata wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba ili hata asiyejua kusoma apige kura. Waziri wa fedha Paul Bomani, mtu aliyejenga ushirika wa pamba katika Jimbo la Ziwa, alishindwa kwao Mwanza. Wengi waliokuwa bungeni walirudi nyumbani. Rais Nyerere mwenyewe aliusifu uchaguzi huo kuwa ushahidi kwamba chama kimoja hakizuii watu kubadili viongozi wao. Kwa ngazi ya bunge, kwa muda, alikuwa na hoja.

Kwa ngazi ya chini, hoja hiyo ilivunjika mwaka 1972. Serikali ilitangaza madaraka mikoani, mpango ulioandaliwa kwa msaada wa kampuni ya washauri ya McKinsey kutoka Marekani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, ila yalikwenda kwa wakurugenzi na wakuu wa mikoa walioteuliwa kutoka juu. Diwani akatoweka. Muda mfupi baadaye ikaja Operesheni Vijiji. Familia zilizokuwa zimekaa kila moja kwenye kilima chake, jambo la kawaida kabisa katika vilima vya Mara, zilihamishiwa kwenye vijiji vilivyopimwa kwa mistari. Novemba 1973 Nyerere alisema kila mtu awe kijijini ifikapo mwisho wa 1976, na viongozi wa mikoa wakashindana kuwahi. Sehemu nyingine nyumba zilibomolewa ili mwenye nyumba asirudi. Lilikuwa kosa, na liliumiza zaidi kwa sababu wakati linafanyika hapakuwa na baraza lolote la wilaya lililochaguliwa ambalo mwananchi angeweza kwenda kusimama mbele yake na kusema hapana.

Ni haki kuandika pia kwamba Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kuwa kuvunja serikali za mitaa lilikuwa kosa. Halmashauri za miji zilirudi mwaka 1978. Sheria namba 7 na namba 8 za mwaka 1982 zikarudisha halmashauri za wilaya na kuziunda upya zile za miji, na kufikia 1984 madiwani walikuwa wamerudi kwenye viti vyao. Sheria hiyo namba 7 ndiyo iliyokipa kijiji umbo lake la leo: halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, mwenyekiti anayechaguliwa, na mkutano mkuu wa kijiji wa watu wazima wote, unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu.

Mkutano huo unafaa kutazamwa kwa karibu. Watu hukaa chini ya mti au kwenye uwanja wa shule, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Mtendaji wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri na mara nyingi ametoka kwingine, husoma mapato na matumizi: michango ya ujenzi wa darasa, faini, ushuru uliorudishwa kijijini, saruji iliyonunuliwa, fundi aliyelipwa. Mwenyekiti, ambaye hana mshahara, anaongoza kikao. Halafu mzee mmoja anasimama na kuuliza: mifuko ya saruji mliyosema mmenunua mbona sisi tumeihesabu pungufu? Hapo ndipo utajua kama kijiji kina uongozi au hakina. Pale mwenyekiti anapojua kwamba mzee yule na wenzake wanaweza kumwondoa, jibu hupatikana siku hiyo hiyo. Pale asipojua hilo, kikao hufungwa kwa kusema jambo hilo litafuatiliwa.

Kurudi kwa halmashauri kulirudisha kodi pia. Kodi ya kichwa ilikuwa imefutwa mwaka 1969, na sasa ikaja ikiitwa kodi ya maendeleo, kila mtu mzima kwa kiwango chake. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 na 1990 wanaukumbuka msako wake kuliko maendeleo yake. Mgambo walisimama njiani siku za mnada na za gulio, wakimtaka kila anayepita aonyeshe risiti. Aliyekosa alikamatwa, baiskeli ikazuiwa, mbuzi akafungwa kambani nyuma ya ofisi ya kata. Vijana walilala porini msimu wa msako. Pamoja na hiyo kulikuwa na ushuru wa mazao, wa mifugo, wa baiskeli, na ada ndogo ndogo ambazo kuzikusanya kuligharimu karibu sawa na kilichopatikana. Mwaka 2003 serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliifuta kodi ya maendeleo na rundo la ushuru huo. Mkulima alipumua. Halmashauri nayo ikapoteza chanzo chake kikubwa, na tangu hapo diwani wa wilaya ya vijijini amekuwa akipanga matumizi ya pesa ambazo sehemu kubwa yake hutoka hazina kuu na huja na maelekezo yake.

Vyama vingi viliruhusiwa Julai 1992. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta karibu watu wanane kati ya kumi wanataka chama kimoja kiendelee, lakini ikashauri mabadiliko. Nyerere, ambaye tayari alikuwa amestaafu uenyekiti wa CCM, chama kilichoirithi TANU, na kurudi Butiama kulima, aliunga mkono. Mwaka huo huo Edwin Mtei alianzisha Chama cha Demokrasia na Maendeleo, CHADEMA. Mtei alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, kisha waziri wa fedha aliyeondoka serikalini mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Chama chake kiliamini soko, mali binafsi na serikali isiyoingilia kila kitu, na baadaye kikaja na sera ya majimbo iliyotaka madaraka yashuke kutoka Dar es Salaam na Dodoma kwenda mikoani.

Huko Marekani kuna chama kinachoishikilia imani ya namna hiyo kwa ukali zaidi, Chama cha Libertarian, kilichoundwa mwaka 1971. Hakijawahi kukaribia kushika nchi. Mwaka 1978 Dick Randolph alikipatia kiti katika bunge la jimbo la Alaska, na waliokishindia viti wengi wameshinda kwenye mabaraza ya miji midogo, bodi za maji na bodi za shule. Wanachama wake walitambua kwamba chama kidogo hakianzi kwa kukamata ikulu. Kinaanza pale mpiga kura anapomjua mgombea kwa jina na anapoweza kupima kazi yake kwa macho. CHADEMA ilijifunza hivyo hivyo Karatu, Tarime na Musoma.

Uchaguzi wa kwanza wa madiwani chini ya vyama vingi, Oktoba 1994, CCM ilichukua sehemu kubwa mno ya viti. Mwaka uliofuata, kwenye uchaguzi wa ubunge, Bunda ilishangaza nchi. Stephen Wassira, aliyekuwa kwenye chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, alimshinda Joseph Warioba, waziri mkuu wa zamani. Warioba alikwenda mahakamani na ushindi huo ukatenguliwa, lakini Mara ilikuwa imeshajua kwamba jina kubwa la CCM linaweza kuanguka. Mwaka huo huo mtoto wa Nyerere, Makongoro, alishinda Arusha Mjini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Wassira alirudi CCM baadaye, akawa waziri kwa miaka mingi.

Tarime ndiko ambako upinzani ulishika mizizi. Mwaka 2005 Chacha Wangwe wa CHADEMA alishinda ubunge. Hoja yake ilikuwa dhahabu. Mgodi wa North Mara, Nyamongo, ulikuwa umeanza kuzalisha mwaka 2002, na watu waliokuwa wakichimba kwa mikono yao walijikuta nje ya uzio. Kwa miaka mingi migodi mikubwa nchini ililipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka kwa mujibu wa mikataba, wakati sheria ya fedha za serikali za mitaa ilitaja ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa mgodi mkubwa tofauti ya namba hizo ni madarasa na visima vingi, na mtu wa kwanza kuiona tofauti hiyo ni diwani aliyekaa na kitabu cha bajeti mkononi. Wangwe alifariki kwa ajali ya gari tarehe 28 Julai 2008. Uchaguzi mdogo wa Oktoba ulivuta vigogo wa vyama vyote Tarime, polisi wakajaa, na Charles Mwera wa CHADEMA akakirudisha kiti. Katika miaka hiyo John Heche naye aliingia kwenye siasa za Tarime kupitia udiwani kabla ya kufika bungeni.

Mwaka 2010 Musoma Mjini ilimchagua Vincent Nyerere wa CHADEMA, mtu wa ukoo ule ule wa Butiama, na Manispaa ya Musoma ikapata meya wa chama hicho, Alex Kisurura. Wengi waliona ajabu, mji ambao Nyerere alikwenda kusoma shule ya Mwisenge mwaka 1934 kuongozwa na chama cha Mtei. Kwa mchuuzi wa samaki pale Mwigobero swali lilikuwa la ushuru wa soko, mitaro na taka, na alitaka mtu mwingine ajaribu.

Nyegina haikufuata njia ya mjini. Ilibaki kwenye jimbo la Musoma Vijijini, lililokuwa la Nimrod Mkono wa CCM tangu 2000. Mwaka 2012 wilaya ya Butiama ilimegwa kutoka Musoma, na jimbo lililobaki, ambalo mwaka 2015 lilimchagua Sospeter Muhongo wa CCM, lina kata 21, vijiji 68 na vitongoji 374. Kata ya Nyegina ina vijiji vitatu: Nyegina, Mkirira na Kurukerege. Makao ya halmashauri yamehamishiwa Suguti. Hesabu hiyo ya vitongoji inaonyesha ulipo uongozi wenyewe. Mbunge ni mmoja, madiwani wa kata ni 21, lakini viti ambavyo mtu anaweza kuvigombea akiwa anaishi kwake, akilima kwake, ni mamia.

Na hapo ndipo upinzani ulipofika mbali zaidi, mwezi Desemba 2014. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa, nchi nzima, karibu theluthi ya mitaa na karibu kijiji kimoja kati ya vitano vilichukuliwa na vyama vya upinzani. Mwaka uliofuata Esther Matiko alishinda Tarime Mjini, Heche akashinda Tarime Vijijini, na Ester Bulaya, aliyekuwa ametoka CCM miezi michache tu kabla, akamwangusha Wassira Bunda Mjini. Kwa mwenyekiti wa kijiji wa upinzani mambo hayakuwa mepesi. Mtendaji wake alikuwa mwajiriwa wa halmashauri, mkurugenzi wa halmashauri aliteuliwa na Rais, mkuu wa wilaya vile vile. Barua ya utambulisho ilihitaji muhuri, na muhuri ukawa chanzo cha ugomvi. Wengi walifanya kazi kwa uvumilivu ambao haujaandikwa popote, wakisoma mapato na matumizi hata pale ambapo mtendaji hakufika.

Kuanzia 2017 madiwani na wabunge wa upinzani walianza kujiuzulu mmoja baada ya mwingine, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Mwita Waitara, mtu wa Tarime aliyekuwa mbunge wa CHADEMA huko Ukonga, alihamia CCM mwaka 2018, na mwaka 2020 akashinda Tarime Vijijini kwa chama chake kipya. Lakini kilichokimaliza kiti cha jirani hakikuwa kuhama kwa viongozi. Ilikuwa fomu.

Mwezi Novemba 2019, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani kwa maelfu walienguliwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za aina moja nchi nzima: jina limekosewa herufi, chama kimeandikwa kwa kifupi, kazi ya mgombea haikujazwa ipasavyo. Fikiria mkulima wa umri wa makamo aliyekwenda ofisi ya kata na kalamu ya kuazima, akajaza karatasi kwa uangalifu, akairudisha, na baada ya siku chache akakuta jina lake halimo kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Sehemu nyingine ofisi zenyewe zilifungwa siku ya kurudisha fomu. CHADEMA ilijitoa, vyama vingine vikafuata. Ilipofika tarehe 24 Novemba, CCM ilipata zaidi ya asilimia 99 ya vijiji na mitaa yote ya nchi, mahali pengi bila kura kupigwa. Nasema bila kuzunguka kwamba huo haukuwa uchaguzi, na waliopoteza zaidi si viongozi wa vyama. Ni wale waliotaka kumchagua jirani yao.

Mwaka huo huo Bob Chacha Wangwe, mtoto wa marehemu Chacha Wangwe wa Tarime, alikuwa mahakamani. Alidai kwamba wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais na baadhi yao wamewahi kuwa wanachama au wagombea wa CCM, hawawezi kusimamia uchaguzi kwa haki. Tarehe 10 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Mwezi Oktoba Mahakama ya Rufani ikaufuta uamuzi huo. Kesi ilikuwa ya sheria za uchaguzi wa kitaifa, lakini mtu yeyote wa Mara alielewa ilikotoka: kwenye wilaya ambako kura zilikuwa zimehesabiwa kwa miaka mingi huku watu wakikesha nje ya kituo.

Tarehe 27 Novemba 2024 uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tena. Safari hii CHADEMA ilishiriki, na malalamiko ya kuenguliwa yakarudi. Matokeo ya serikali yalionyesha CCM imechukua asilimia 99.01 ya vijiji. Miezi miwili baadaye, ndani ya juma moja la Januari 2025, vyama viwili vikubwa vya nchi vilichagua makamu wenyeviti wao wa Bara. CCM ilimchagua Stephen Wassira wa Bunda. CHADEMA ilimchagua John Heche wa Tarime. Mkoa ambao zamani sehemu yake kubwa haikuwa na mtawala ukawa umetoa namba mbili wa pande zote. Tarehe 12 Aprili Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza kwamba CHADEMA, iliyokataa kusaini kanuni za maadili, haitashiriki uchaguzi mkuu wa Oktoba wala chaguzi ndogo za miaka mitano inayofuata. Kwa kuwa udiwani huchaguliwa pamoja na ubunge na urais, mwana-CHADEMA wa Tarime, Musoma au Nyegina aliyetaka kuwa diwani wa kata yake hakuweza kusimama kwa chama chake, na sheria haikumruhusu kusimama bila chama.